Ndoo Ishirini na Nne

Vita vya Kongo viliingia nyumbani kwa Mzee Fikiri, nje kidogo ya Ipole, bila bunduki wala kelele. Viliingia ndani ya ndoo za plastiki za lita ishirini, zenye mifuniko, zikapangwa sebuleni zikipandana tatu tatu kuanzia mlangoni mpaka chini ya picha ya harusi, na zikagoma kutoka. Zilikuwa ishirini na nne. Ilikuwa asali yote ya msimu, imechujwa ikachujika, na nyumba ilikuwa imejaa kiasi kwamba wageni waliokuja kusalimia walishushiwa ndoo wakakalia, wakanywea chai juu ya ndoo, na walipoaga walijikwaa kwenye ndoo.

Miaka mingine, kufikia Krismasi, sebule ilikuwa nyeupe. Shomari wa Chemchem alikuja na Fuso yake, akalipa taslimu, akaacha na kilo tano za sukari kama shukrani. Asali ikapanda treni Tabora, ikashuka Kigoma, ikavuka ziwa mpaka Uvira, na huko Wakongo wakajua wenyewe la kuifanya. Hakuna mtu Ipole aliyewahi kuuliza. Njia hii ya kwenda ziwani ina umri mkubwa. Ilikanyagwa na wapagazi wa misafara kabla babu yake Fikiri hajazaliwa, na siku zote watu wa huku wameiamini kuliko wanavyoiamini serikali. Mwaka huu waasi walikuwa wameingia Uvira, boti zikaacha kuvuka, na Shomari akaacha kupokea simu.

Yote hayo yangevumilika kama si Magreth. Magreth, kitinda mimba wa Fikiri na mkewe Recheli, alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi cha kanisa mjini Tabora. Alitakiwa aripoti Jumatatu ya tarehe tisa Februari akiwa na vitu viwili: ada ya muhula wa kwanza, laki saba na elfu ishirini, na barua ya mchungaji wake inayothibitisha kwamba anatoka nyumba ya Kikristo yenye mwenendo mwema. Akikosa kimoja, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Kuna wenzangu arobaini kwenye orodha ya kungoja," alisema Magreth, akiwa amekalia ndoo. "Kila jioni wanapiga magoti wananiombea homa."

"Barua usiwe na wasiwasi nayo," Fikiri alimjibu. "Nyumba hii ikikosa barua, basi hakuna nyumba itakayopata."

Alikuwa na haki ya kujivuna. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa na katibu wa baraza la wazee kwa miaka kumi na miwili. Kanisa lao halikugusa pombe, na aliyeigusa alitengwa na meza ya Bwana, na jina lake lilisomwa mbele ya watu siku ya Jumapili. Msomaji alikuwa Fikiri. Alisoma vizuri, bila kumeza silabi hata moja. Mwaka uliopita alimsoma Revocatus fundi seremala kwa namna ambayo hata wagonjwa waliolala majumbani walisikia.

Wiki ya pili ya Januari, mume na mke wakafunga safari kwenda Tabora kumtafuta Shomari.

Walimkuta Chemchem, barazani kwake, amelala chali kwenye mkeka, redio kifuani. Alipowaona aliinuka haraka akajifunga vizuri msuli wake.

"Shikamoo, mzee wangu. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Fikiri. "Shomari, umetutupa."

"Sijawatupa. Nimetupwa mimi. Kaeni kwanza mnywe kahawa, maana habari zenyewe hazina haraka."

Zuwena, mkewe Shomari, akaleta kahawa na kashata. Fikiri alishika kikombe bila kunywa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na jua la Tabora lilikuwa limeshaanza kumuuliza kwa nini.

"Asali yangu utaichukua lini?"

"Mzee, asali yako imelala Ipole, unaiona kwa macho," alisema Shomari. "Yangu mimi, ndoo mia na tisini, iko Uvira, na sijui saa hizi inalambwa na nani. Jeshi likitoka, imeachwa. Waasi wakiingia, wanaikuta. Kila mwenye bunduki anayepita mji ule anatia mkate kwenye asali ya Shomari."

"Na mnunuzi wako?"

Zuwena ndiye aliyejibu. "Alipiga simu juzi. Huyu akaruka kitandani akadhani hela imefika. Kumbe mwenzetu amevukia Kigoma na watoto sita na sufuria moja. Anaomba elfu hamsini ya kula."

"Mkampa?" Recheli akauliza.

"Ningefanyaje, mama?" alisema Shomari. "Miaka kumi na mmoja hajanidhulumu hata mia. Nikamtumia sitini."

Fikiri akauliza habari za wanunuzi wa Dar es Salaam. Shomari akasema hao wana asali mpaka puani, kwa sababu kila aliyekuwa akiuza Kongo sasa amewageukia wao, na bei wanayotoa ni ya kumtukania mtu mamaye.

"Itaje tu."

"Arobaini elfu kwa ndoo. Na si leo. Nikiuza ndiyo nakuletea."

Mwaka jana ilikuwa laki moja na hamsini. Fikiri aliweka kikombe chini taratibu. "Shomari, ndoo tupu yenyewe nimeinunua elfu saba."

"Basi nikupe thelathini na tatu nikurudishie ndoo."

Zuwena akacheka, kisha akaona ni yeye peke yake. Fikiri alisimama, akafunga vifungo vyote vya koti.

"Nitaishikilia. Vita havidumu."

"Mzee wangu," alisema Shomari kwa upole, "hivi vya huko vilianza mimi sijapelekwa jandoni."

Wakati wa kuondoka, Zuwena alimtia Recheli mkononi mfuko wa dagaa. Miaka mingine walikuwa wakitoka nyumba ile na sukari na nauli ya kurudia, wakipewa kama watu wanaostahili. Dagaa hawa walikuwa msaada, na kila mtu pale barazani alilijua hilo. Fikiri akageukia barabarani na kujifanya anatazama pikipiki. Recheli aliwapokea dagaa, akashukuru, na njia nzima mpaka stendi alikuwa akiona aibu kwa niaba ya watu wawili.

Mtu aliyerina asali miaka thelathini anajua kwamba asali haitaki hewa ya masika. Inavuta unyevu kama chumvi. Fikiri alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Ila alilijua kwa kusikia tu, kwa sababu hajawahi kukaa na asali masika. Kila mwaka, mvua za Januari zilipokolea, asali ilikuwa imeshafika Kongo.

Basi sasa, kwa wasiwasi, akawa anaikagua. Kila asubuhi baada ya sala alizunguka sebuleni, akafungua mfuniko mmoja baada ya mwingine, akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunika. Nje mvua ilikuwa inanyesha kama imelipwa. Ndoo ishirini na nne, siku baada ya siku, na kila moja ikameza pumzi yake ya ukungu.

Wiki ya tatu ya Januari, Recheli akaanza kumwona mumewe amebadilika. Alikuwa anaimba tenzi huku ananyoa ndevu, beti zote, na kiitikio akirudia mara mbili. Siku moja alisimulia habari ya mbuzi wa shangazi yake, akacheka mwenyewe mpaka akashika ukuta. Siku nyingine alimwita Recheli "mwali wangu," jambo ambalo hakulifanya hata kwenye fungate. Recheli alifurahi. Alidhani shida imemlainisha. Alifurahi kwa siku nne, mpaka aliposikia harufu.

Mfuniko wa ndoo ya pembeni ulikuwa umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Alipoufungua ukafyatuka, povu likapanda, na pua yake ikamrudisha moja kwa moja jikoni kwa bibi yake, mtu aliyekuwa akitengeneza wanzuki, pombe ile ya asali, kabla familia haijaokoka. Alichovya kidole. Ulimi ukamchonyota. Akafungua ya pili, ya tatu, ya saba. Nyingine zilikuwa zimeanza kazi, nyingine zilikuwa zinajiandaa.

Akaketi pale katikati, akaangalia. Ungemwambiaje mtu kama yule kwamba amegeuza sebule yake kilabu, na kwamba mteja wa kwanza ni yeye mwenyewe? Angeimwaga yote shambani kabla ya chakula cha mchana. Na tarehe tisa Februari ingefika, na wale arobaini wangepata jibu la maombi yao.

Recheli alijitwika ndoo moja iliyovimba, akaifunika kwa kanga, akashika njia ya uani kwenda kwa Apolinaria.

Apolinaria alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Ulyankulu, mjane, na pombe yake ilijulikana mpaka Sikonge. Kwa miaka kumi na minne Fikiri alipita mbele ya nyumba yake akiangalia upande wa pili wa barabara.

"Mwangaluka, mayu," Apolinaria alimsalimia kwa Kinyamwezi, bila kuficha mshangao. "Umepotea njia, au nyumba yenu inaungua?"

"Shikamoo, dada. Onja hii."

Apolinaria akaonja. Akafumba macho, akaonja tena. "Hii imeshaanza safari yenyewe. Mimi ni kuiongezea maji na kuisindikiza." Akaitazama ndoo. "Unajua mimi huwa natumia sukari? Asali nilikuwa siwezi kuigusa kwa bei. Sasa vita vimefika mpaka asali imekuwa rahisi kuliko sukari. Nakupa sitini."

"Shomari anatoa arobaini."

"Shomari anatoa mdomo. Mimi natoa hela." Akafungua pindo la kanga yake. "Mama yangu alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili na vitu viwili, mbegu za maharage na ufundi wa pombe. Maharage yaliliwa mwaka uleule. Leta nyingine, mama Magreth. Zote zilizovimba leta."

Recheli akapiga hesabu kichwani, akaona kumi na mbili zinatosha kabisa.

Alizipeleka mchana mchana, Fikiri akiwa porini kwenye mizinga. Kila ndoo iliyorudi tupu aliijaza maji, akaifunika, akaiweka chini kabisa kwenye safu, chini ya mbili zenye asali. Nafasi za chini zilipoisha, akaanza za katikati. Fikiri alikuwa na mgongo. Siku hizi aliishia kukagua za juu. Baada ya siku tisa, Recheli alikwenda kwa wakala wa simu, akatuma laki saba na elfu ishirini, akasubiri ujumbe wa chuo uingie. Ulipoingia, alinunua soda moja akainywa peke yake, amesimama. Hakuwa amenunua soda ya peke yake tangu usichana wake.

Alhamisi ya tarehe ishirini na tisa, Fikiri aliamka akiwa na huruma na ndoo za chini. Aliona si haki kwamba za juu zinatazamwa na za chini zimesahauliwa. Akaanza kuzipangua.

"Mama Magreth! Mama Magreth, njoo! Imegeuka maji!"

Recheli alimkuta amepiga magoti katikati ya ndoo, kidole kinadondosha.

"Kana ya Galilaya maji yalikuwa divai," alisema, sauti inamtetemeka. "Hapa kwangu asali imekuwa maji. Nimemkosea nini Mungu?"

Angeweza kumwacha aamini hivyo. Kwa muda wa pumzi mbili Recheli alilifikiria, na hata njaa ya kulifanya aliisikia. Lakini mtu yule alikuwa ameshaanza kulia.

"Hujamkosea. Nimeiuza mimi."

"Umemuuzia nani?"

"Apolinaria."

"Apolinaria wa pombe?"

"Kwani tuna Apolinaria wa maandazi?"

Fikiri aliinuka kwa kushika ndoo mbili. Recheli akampa simu. Aliisoma akiwa ameinyoosha mbali na macho, akairudia, midomo ikitaja tarakimu. Malipo yamepokelewa. Jina la Magreth lilikuwa pale, limeandikwa vizuri.

"Umeuza asali yangu ikatengenezwe pombe."

"Nimeuza asali iliyoharibika, baba Magreth. Nawe ndiye uliyeiharibu. Kila asubuhi unafungua, unafungua, mvua yote ile. Imechacha. Na wewe umekuwa ukiilamba. Ulidhani unaimba kwa furaha gani, na nyumba haina hela ya chumvi?"

Mzee Fikiri alitazama kidole chake. Alikitazama muda mrefu, akakipangusa kwenye suruali, akaenda chumbani akatoka na koti.

"Jumamosi baraza linakaa. Nitawaambia mwenyewe kabla hawajasikia kwingine."

"Na barua?"

"Barua haiwezi kuandikwa juu ya uongo."

Recheli hakuwahi kumchukia mtu huyu katika ndoa yao yote, lakini asubuhi ile alimchukia. Alimchukia kwa unyoofu wake, kwa koti lake, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika kwamba Mungu na baraza la wazee wanakaa ofisi moja. Magreth alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikwenda kukunja sare zake ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Baraza lilikaa na wazee saba na mchungaji wao, Mchungaji Octavian, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula. Katibu akiwa ni Mzee Fikiri, ilibidi kumbukumbu za kikao aziandike yeye. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Ajenda ya tatu, mke wa katibu.*

"Mama Magreth," alianza mchungaji, "ulijua asali ile inakwenda kufanywa nini?"

"Nilijua."

"Na unatubu?"

"Natubu, baba mchungaji. Ila ningeomba nitubu baada ya tarehe tisa, mtoto akishapokelewa."

Mzee mmoja akaziba mdomo kwa leso. Mchungaji akasema toba haina ratiba. Akasema, kwa masikitiko, kanuni ni kanuni: kosa la kwanza, miezi mitatu nje ya meza ya Bwana. Wanaoafiki wanyooshe mikono.

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Fikiri. Hakukusudia. Ni mazoea ya miaka kumi na tisa. Neno "wanaoafiki" likitamkwa, bega lake hujinyanyua lenyewe.

Recheli aliutazama mkono ule. "Baba mchungaji," alisema, "naomba mkikague hicho kidole cha shahada. Hicho ndicho kimechovya ndoo ishirini na nne kila asubuhi tangu tutoke Tabora. Mimi nimeuza. Kuonja sijaonja zaidi ya mara moja."

Macho yote yakapanda kwenye kidole. Fikiri hakujua akishushe au akiache.

"Mzee, ni kweli?" aliuliza mchungaji.

Mtu huyu hakuwa na ufundi wa kusema uongo, hakuwahi kujifunza. "Kuonja nilionja," alisema. "Ilikuwa na ukali fulani. Nilidhani ni maua ya mwaka huu."

Mwenye leso alishindwa. Akacheka, wa pili akacheka, na Mzee Wilbroad, mhazini, akakohoa kikohozi kirefu kisicho cha kifua. Mchungaji aligonga meza. Fikiri, masikio yakimuwaka, akachukua kalamu na chini ya jina la mkewe akaandika lake mwenyewe. *Miezi mitatu, wote wawili.* Akapiga mstari kwa rula.

"Na barua ya Magreth?" Recheli aliuliza.

Mchungaji alitazama saa. "Hiyo nitaiombea."

Recheli alilijua neno hilo. Bati la kanisa lilikuwa likiombewa mwaka wa sita sasa, na bado lilikuwa linavuja.

Jumatano, Mzee Wilbroad alikuja kwa njia ya jikoni. Mhazini wa kanisa hapiti mlango wa jikoni wa mtu bila sababu, na huyu alikuwa amevua hata kofia.

"Habari za hapa, mama Magreth."

"Nzuri. Mwenyekiti wa ndoo yuko sebuleni, pita."

"Hapana, nimekuja kwako." Akachunguza kucha zake. "Unajua warina asali wengi mwaka huu fungu la kumi wametoa kwa asali. Hela hawana. Tulipanga Shomari achukue, tununue mabati. Ziko ndoo kumi na tisa ofisini kwa mchungaji."

"Mungu awabariki waliotoa."

"Zimeanza kuvimba. Jana moja imefyatuka ikamwagikia kitabu cha ubatizo." Akashusha sauti. "Sasa yule mama, bado ananunua?"

"Mama yupi?"

"Yule."

"Kina mama tuko wengi, mzee. Mtaje."

Wilbroad alitazama mlango, kisha dari. "Apolinaria."

"Ah. Ananunua." Recheli akaendelea kuchambua mchele. "Tatizo ni mimi. Nimetengwa. Sistahili kushika mali ya kanisa."

"Nimemuuliza mchungaji hilo. Anasema umetengwa na meza. Na ndoo, hapana."

"Basi kaniulizie na hili. Barua ya mtoto, yenyewe iko upande wa meza au upande wa ndoo?"

Mzee Wilbroad aliizungusha kofia mikononi. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na mabinti wawili. Akasema ataulizia.

Sebuleni, nyuma ya pazia, kiti kililia. Fikiri alikuwa amesikia kila neno. Recheli akajiweka tayari: sasa atatoka na koti lake, ataitisha baraza, ataandika ajenda. Badala yake ilikuja sauti tu, kavu kidogo.

"Wilbroad! Waambie wazifunike vizuri. Asali haitaki hewa."

Barua ilifika kesho yake asubuhi. Ilikuwa na nembo, muhuri na saini, na ilisema kwamba binti anatoka katika nyumba yenye mwenendo mwema, inayojituma katika kazi za kanisa. Kona yake moja ilikuwa inanata. Recheli aliisoma mara tatu, akamwita Magreth, na binti alipoiona alimkumbatia mama yake wakayumba wote wawili mpaka wakagonga ndoo. Ndoo kumi na mbili zilikuwa bado zipo. Hakuna aliyejua zitaondoka lini, wala kwa bei gani, wala Januari nyingine itakuja na nini. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi Magreth alikuwa kwenye foleni ya chuo mjini Tabora, barua mkononi, na wale arobaini wakabaki arobaini.

Jumapili ya kwanza ya Machi ilikuwa ya meza ya Bwana. Waliotengwa walikuwa na benchi lao nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo mvua inayovuja haifiki. Fikiri aliingia akiwa wima, na miguu yake ikaanza kumpeleka mbele kwa mazoea; Recheli akamshika kiwiko akamgeuza.

Benchini walikuwa watu watano, na wote watano majina yao yalipita mdomoni mwa Fikiri. Revocatus seremala alikuwa mwanzoni. Alimtazama mzee akija, akawageukia wenzake.

"Sogeeni, jamani, sogeeni. Mzee wetu amefika."

Wakasogea. Mmoja alipangusa benchi kwa kiganja. Hakuna aliyecheka kwa ubaya. Walikuwa wamemsubiri kwa muda mrefu mno kuwa na haraka ya kumcheka. Mwanamke mmoja akampa Recheli karanga kwenye karatasi, Revocatus akaanza kumnong'oneza Fikiri habari za mbao, na mbele huko mchungaji akatangaza wimbo.

Kule mbele wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na wazee wa kanisa hukaa peke yao, wakiwatazama watu. Benchi la nyuma halina kulia wala kushoto. Tangu siku ya harusi yao, miaka ishirini na saba, Recheli hakuwahi kukaa kanisani bega kwa bega na mumewe. Aligundua kwamba Fikiri anaimba sauti ya tatu, na kwamba anaiimba vibaya. Jana yake jioni Magreth alipiga simu kusimulia jinsi walivyofundishwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa amekilalia. Alicheka sana, akasema kitanda chake ni cha juu, karibu na dirisha. Recheli alilikumbuka hilo, na bega la Fikiri likaja karibu zaidi, kama kwa bahati mbaya.

Mkate ulipita mbele, kikombe kikapita. Waliokuwa benchi la nyuma walipitishiana karanga.

"Mama Magreth," Fikiri alinong'ona. "Miezi mitatu yetu inakwisha lini?"

"Mwisho wa Aprili."

Mzee Fikiri akatafuna karanga yake, akafikiri.

"Mapema hivyo?" alisema.